KANSERI: MAKOSA KATIKA KITABU CHA MWILI



Kwa Somo la mwezi huu, sisi wa darasa la mwisho, sehemu ya biolojia na kemia, tuliombwa kueleza ugonjwa mmoja. Tulichagua kanseri. Hatukuichagua kwa kuwa ni rahisi, ila juu ya mambo yaliyofika nyumbani kwa mwenzetu mmoja wa internati.

Mdogo wake, mtoto wa miaka 7, alivimba taya upande mmoja. Kwanza watu walisema: ni jino. Jino likang'olewa, lakini uvimbe ukazidi, mpaka jicho likaanza kusukumwa nje. Hapo mashauri yakageuka. Watu wa jamaa wakaenda kwa mufumu, naye akasema mtoto analiwa na mtu wa nyumbani. Macho yote yakamwelekea koko yake, mama ya baba, mzee ambaye ndiye alikuwa akilala na mtoto na kumpikia uji. Koko akafukuzwa na mkeka wake. Walipofika hospitalini, siku nyingi zilikuwa zimekwisha kupita. Mtoto alikufa juma la pili. Munganga aliwaambia jina la ugonjwa: ni kanseri, ile inayoitwa limfoma ya Burkitt. Jina walilisikia, lakini koko hakurudishwa. Hata leo anakaa kwa binti yake, mbali, na hapana mtu aliyekwenda kumwomba msamaha.

Siku moja katika saa ya biolojia mwenzetu aliinua mkono, akauliza: "Bwana Mwalimu, munganga alisema ni kanseri. Sawa. Lakini hiyo kanseri, nani aliituma?" Darasa zima likanyamaza. Mwalimu naye akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Tafuteni, muandike." Haya ndiyo tuliyoyapata.

1. KITABU CHENYE HERUFI NNE

Mwili wetu umejengwa na selule, vitu vidogo sana ambavyo jicho peke yake haliwezi kuviona. Ndani ya karibu kila selule kuna maandiko yanayoiambia namna ya kuishi. Maandiko hayo yameandikwa kwa ADN, tena yana herufi nne tu: A, T, G na C. Tukihesabu upande wa mzazi mmoja tu, herufi ni karibu miliari 3, ni kusema milioni elfu 3. Kitabu kizima kinaitwa jenomu. Kimegawanywa katika mafungu 46 yanayoitwa kromozomu: 23 kutoka kwa baba, 23 kutoka kwa mama.

Katika kitabu hicho kuna sentensi zinazotoa amri. Hizo ndizo jeni, nazo ni karibu 20,000. Moja inasema: gawanyika. Nyingine inasema: simama. Nyingine inasema: wewe umeharibika, kufa, usisumbue wenzako. Mtu akiwa mzima, selule zinasikia amri hizo kama wanafunzi wanavyosikia kengele.

Selule kabla ya kugawanyika lazima inakili kitabu chote. Sisi wote tunajua kazi ya kunakili kutoka tablo mpaka kaye. Mwisho wa saa, hata mwanafunzi mwangalifu amekosa herufi moja ao mbili. Selule zina wasahihishaji wao, tena ni hodari sana, lakini makosa machache yanawapita. Mengi ya hayo hayana shida. Lakini kosa likiangukia juu ya amri ya "simama", ao likifanya amri ya "gawanyika" isikome, selule ile inaanza kuzaa bila kusikia kengele. Kwa kawaida kosa moja halitoshi. Yanahitajika makosa kadhaa katika selule moja, na mara nyingi yanakusanyika polepole kwa miaka. Ndiyo sababu kanseri nyingi zinashika watu wakubwa kuliko watoto.

Tufahamu neno moja hapa. Sehemu ndogo tu ya kanseri inatoka katika makosa ambayo mtu alizaliwa nayo kutoka kwa wazazi. Makosa mengi yanaingia katika mwili wa mtu mwenyewe, akiwa anaishi.

2. JUU YA NINI KUSOMA VITABU MAELFU?

Mtu anaweza kusema: basi, tusome kitabu cha mgonjwa mmoja, tuone kosa, tutengeneze dawa. Haiwezekani hivyo. Katika uvimbe wa mgonjwa mmoja kunaweza kuwa makosa elfu nyingi. Lipi ndilo lenye hatia?

Tuchukue mfano wa lori inayokwenda sokoni. Juu yake kuna watu arobaini, lakini anayeshika usukani ni mmoja. Ukiona lori moja tu, kwa mbali, huwezi kujua shofere ni nani. Lakini ukisimama barabarani ukaangalia lori elfu moja, utaona kwamba wasafiri wanabadilika kila siku, na mtu yule yule anarudi kwenye usukani. Ndivyo ilivyo na makosa ya kanseri. Kosa linalorudi mara nyingi, kwa wagonjwa wengi wasiojuana, hilo ndilo shofere. Mengine ni wasafiri tu. Basi ili kumtambua shofere, lazima kuhesabu wagonjwa wengi.

Kazi ya kusoma kitabu cha kwanza cha mwanadamu ilianza mwaka 1990, ikatangazwa kuwa imemalizika mwaka 2003. (Sehemu ngumu zilizobaki zilimalizwa mwaka 2022.) Mwaka 2006, Marekani walianza kazi kubwa inayoitwa Atlasi ya Jenomu ya Kanseri. Walichunguza uvimbe wa wagonjwa zaidi ya 11,000, wa aina 33 za kanseri. Kwa kila mgonjwa walilinganisha maandiko mawili: ya uvimbe, na ya damu ao nyama nzima ya mtu huyo huyo. Tofauti kati ya hayo mawili ndiyo makosa yaliyoingia.

Mwaka 2008 inchi nyingi ziliungana katika kazi kama hiyo. Mwezi wa pili wa mwaka 2020, wataalamu zaidi ya 1,300 kutoka inchi 37 walitoa matokeo ya vimbe 2,658 za aina 38, zilizosomwa kitabu kizima, herufi kwa herufi. Waliona kwamba kwa wastani kanseri moja ina mashofere 4 ao 5. Tena waliona kwamba katika vimbe 5 hivi kwa kila 100, shofere hakuonekana hata mmoja. Wataalamu 1,300 hawakuona haya kuandika hivyo. Sisi wanafunzi, tunaoogopa kuandika "sijui" ku interogasio, tujifunze kwao.

3. FAIDA YA KWANZA: DAWA INAYOMJUA SHOFERE

Dawa za zamani za kanseri zinapiga kila selule inayogawanyika haraka. Zinaua kanseri, lakini zinaumiza pia selule za nywele, za kinywa na za damu. Ndiyo maana mgonjwa anapoteza nywele. Dawa hizo bado zinaponya watu wengi, tusizidharau. Lakini shofere akijulikana, inawezekana kutafuta dawa inayomkamata yeye.

Mwaka 2002, wataalamu wa chuo cha Sanger, karibu na Cambridge katika Uingereza, walikuwa wakisoma jeni moja kwa moja katika kanseri za namna nyingi. Waliona kwamba jeni moja inayoitwa BRAF ina kosa katika zaidi ya nusu ya kanseri za ngozi za aina ya melanoma walizozitazama. Mara nyingi ni kosa lile lile, mahali pale pale. Kwa kosa hilo, amri ya "gawanyika" inabaki wazi kama robine isiyofungika. Miaka tisa baadaye, mwaka 2011, Marekani walikubali dawa ya kufunga robine hiyo, inayoitwa vemurafenibu. Wagonjwa wengi waliona vimbe zao zikipungua upesi.

Lakini kwa wengi kanseri ilirudi baada ya miezi, kwani selule zilipata njia nyingine ya kupita. Toka mwaka 2014 wanganga wanaweza kuunganisha dawa mbili za namna hiyo, ili kufunga njia mahali pawili, na wagonjwa wanakaa muda mrefu zaidi. Hatuandiki hapa kwamba kanseri imeshindwa. Tunaandika kwamba sasa katika kanseri kadhaa adui ana jina.

4. FAIDA YA PILI: MWANDIKO WA MKOSAJI

Bwana Mwalimu wa Kifaransa akipata karatasi isiyo na jina, anatazama mwandiko, anasema: huyu ni fulani. Wataalamu wameona kwamba vitu vinavyoharibu ADN navyo vina mwandiko wao. Mwaka 2013 walilinganisha makosa ya vimbe 7,042, wakatambua myandiko zaidi ya 20. Jua kali likipiga ngozi linageuza herufi C kuwa T, mahali pa namna moja. Moshi wa tumbako una mwandiko mwingine. Hesabu iliyotoka mwaka 2016 ilionyesha kwamba mtu anayevuta pakiti moja ya sigara kila siku, kwa mwaka mmoja anaongeza karibu makosa 150 katika kila selule ya mapafu yake. Wenzetu wanaojificha nyuma ya choo na sigara, hesabu hiyo tunawaachia.

Mwandiko mwingine unatuhusu sana hapa kwetu. Karanga na mahindi yakiwekwa bila kukauka vizuri yanaota ukungu, na ukungu wa namna fulani unatoa sumu inayoitwa aflatoksini. Mwaka 1991, vikundi viwili vya wataalamu vilitazama kanseri ya ini ya wagonjwa wa China na wa kusini mwa Afrika, mahali ambapo watu wanakula sumu hiyo kwa chakula. Waliona jeni ya TP53, ambayo kazi yake ni kulinda selule, imeharibika mara nyingi mahali pamoja tu, namba 249. Sumu ilikuwa imetia sahihi yake. Tunawaomba wenzetu wa zamu ya jikoni wasicheke tena mama mpishi anapotupa karanga zenye ukungu.

Mara nyingine mwandiko hauonekani. Kanseri ya koo la chakula ni nyingi katika sehemu fulani za Kenya, Tanzania na Malawi, na sababu yake inatafutwa. Mwaka 2021 walitoa matokeo ya vimbe 552 kutoka inchi nane, pamoja na hizo tatu. Walitumaini kupata mwandiko wa pekee wa mahali ambapo ugonjwa ni mwingi. Hawakuupata. Basi hatuwezi kusema kila sababu ya kanseri inaacha alama katika ADN. Kazi inaendelea.

5. UGONJWA WA YULE MTOTO

Sasa turudi kwa mdogo wa mwenzetu. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, kule Kampala, munganga Denis Burkitt, mtu wa Ireland, aliitwa na mwenzake kutazama mtoto aliyevimba taya. Baadaye akaona wengine. Aliandika habari yao mwaka 1958. Alituma barua kwa hospitali nyingi za Afrika akiuliza: kwenu watoto hawa wako? Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu, wakasafiri karibu kilometa 16,000, toka Uganda mpaka Afrika ya Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Waliona kwamba ugonjwa unakaa mahali pa joto na mvua, pale pale ambapo malaria inakaa.

Mwaka 1964, Anthony Epstein na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr, kule London, waliona virusi katika selule za uvimbe huo. Ilikuwa mara ya kwanza kuona virusi katika selule za kanseri ya mtu. Inaitwa virusi ya Epstein-Barr. Karibu watu wazima wote duniani wamekwisha kuishika, na wengi hawajui hata kidogo.

Mwaka 1982 kosa lenyewe lilijulikana. Jeni moja ya "gawanyika", inayoitwa MYC, inakaa kwenye kromozomu ya 8. Katika ugonjwa huu, kipande cha kromozomu hiyo kinakatika, na mara nyingi kinabandikwa kwenye kromozomu ya 14, karibu na jeni za kutengeneza silaha za damu. Katika selule hizo, ukurasa huo unabaki wazi. Basi amri ya "gawanyika" nayo inasomwa bila kupumzika. Ndiyo sababu uvimbe huu unaweza kuzidi mara mbili kwa siku moja ao mbili. Siku za kungoja jino, na siku za kwenda kwa mufumu, ndizo siku uvimbe ulizitumia.

Mwaka 2019 wataalamu walitoa matokeo ya kusoma jenomu nzima za watoto wenye ugonjwa huu, wa Afrika na wa inchi nyingine. Walijua kwamba mahali penye malaria, watoto zaidi ya 90 kwa 100 wana virusi ya Epstein-Barr ndani ya uvimbe, na kwamba pengine ni mpaka 30 tu kwa 100. Waliuliza: kinachotofautisha ugonjwa ni inchi ya mtoto, ao ni virusi? Vitabu vilijibu: ni virusi. Uvimbe wenye virusi unafanana, hata kama mtoto anatoka Afrika ao mbali na Afrika. Una mashofere wachache zaidi, lakini una makosa mengi ya namna moja, yanayofanywa na fundi wa mwili wenyewe, yule anayebadilisha herufi ili kutengeneza silaha za kupigana na magonjwa. Virusi inamfanya fundi huyo azidishe kazi, na akizidisha kazi anakata hata mahali pasipotakiwa.

Ugonjwa huu unapona. Burkitt mwenyewe, katika miaka ya 1960, aliona watoto wakipona kwa dawa kama siklofosfamidi. Leo katika inchi tajiri karibu watoto 9 kwa 10 wanapona. Kwetu wanaopona ni wachache kuliko hao, sababu wanachelewa, ao dawa inakosekana, ao jamaa wanakosa franga za kumaliza matunzo.

6. VITABU VYETU NI VICHACHE

Katika kazi zote hizi kuna pengo. Wengi sana wa wagonjwa wa ile Atlasi ya Marekani walikuwa watu wenye asili ya Ulaya. Mwaka 2020 wataalamu wa Afrika walitoa matokeo ya kusoma jenomu za watu 426 tu, wa vikundi 50 vya lugha. Hao 426 walitosha kuonyesha tofauti za herufi zaidi ya milioni 3 ambazo hazikuwa zimeandikwa popote. Shofere anayepatikana mara nyingi huku kwetu hawezi kujulikana kama hapana mtu anayehesabu lori za huku kwetu. Wenzetu wa darasa la chini mnaosema hesabu na biolojia ni masomo ya kuumiza kichwa bure, muone kwamba kuna kazi inayowangoja, na ni kazi ya kwetu.

7. JIBU KWA MWENZETU

Uliuliza: nani aliituma? Tumetafuta, na jibu letu ni hili. Hapana mtu aliyeituma. Katika selule moja ya mdogo wako, kipande cha kitabu kilikatika kikabandikwa mahali pabaya. Virusi ilisaidia, na malaria nayo inahusika. Watoto wa Uganda na wa Marekani wamesomwa vitabu vyao, na kosa la MYC ni lile lile, nao hawakupikiwa uji na koko yako.

Hatutaki kumcheka mtu wa jamaa yako. Mtu anayeona mtoto akivimba namna ile anatafuta sababu, hata sisi tungetafuta. Ubaya ni kwamba sababu ya uongo ilichukua siku za mtoto, kisha ikachukua nyumba ya mzee.

Mwenzetu ametuambia kwamba likizo ya Pasaka atapitia kwa shangazi yake, alipo koko, kabla ya kufika kwao. Ameomba karatasi mbili za buleteni hii: moja ya kumsomea koko, kwa kuwa yeye hasomi, na moja ya kumpa baba yake mkononi. Bwana Prefe amekubali, na stensili itaongezwa.

MAULIZO YA KURUDILIA SOMO

1. Juu ya nini kitabu cha mgonjwa mmoja hakitoshi kumjua shofere?
2. Kwa nini walilinganisha uvimbe na damu ao nyama nzima ya mtu yule yule?
3. Taja vitu vitatu vyenye mwandiko unaojulikana katika ADN. Kimoja kinaweza kuwa jikoni kwetu: ni kipi, na tukiepuke namna gani?
4. Mtoto wa jirani yako anavimba taya, na uvimbe unakua kila siku. Utawaambia wazazi wake nini, na siku gani?

Kapita wa wanafunzi, pamoja na wenzake wa darasa la mwisho, Biolojia-Kemia